Barua ya wazi kwa wanaosimamia leseni zetu: hesabuni kikao cha kesi

Waheshimiwa mliopewa dhamana ya leseni za wataalamu wa afya ya akili,

Salaam kutoka Temeke.

Nawaandikia kuomba kikao cha kesi, yaani wataalamu kukaa na kujadili wagonjwa waliowashinda, kihesabiwe kwenye kuhuisha leseni. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Kazi hii nimeifanya hapa Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka 15, wodini na kliniki, na siku hizi sehemu kubwa ya wiki yangu inapita kwenye chumba chenye meza moja, viti vitatu na feni inayolia, nikisikiliza watu. Leseni yangu inakaribia kuisha. Juzi usiku, watoto walipolala, nilitoa faili la vyeti nikavitandaza juu ya zulia kwa mpangilio wa tarehe ili nianze kuhesabu pointi za mafunzo zinazotakiwa ili kuihuisha.

Nilichukua cheti kimoja kimoja nikajiuliza: siku ile nilijifunza nini? Kwa vyeti vinne nilikumbuka vizuri. Kwa vingi vilivyobaki nilikumbuka ukumbi tu, au mtu niliyekaa naye. Kimoja nilikumbuka kwamba umeme ulikatika kabla ya mada ya pili, tukakaa nje chini ya mwembe hadi chakula cha mchana kilipoletwa, tukasaini mahudhurio, tukaondoka. Cheti cha siku hiyo kimeandikwa masaa manane. Nilikitumia kuhuisha leseni yangu mara iliyopita, na tangu juzi usiku jambo hilo linaniuma.

Nataka mnielewe tangu mwanzo kwamba sharti la mafunzo endelevu naliunga mkono kwa moyo wote. Anayegusa akili ya mtu hana ruhusa ya kubaki na alichofundishwa chuoni hadi astaafu. Nalijua hilo kwa sababu niliwahi kumuumiza mtu kwa elimu iliyopitwa na wakati.

Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 mabomu yalilipuka kwenye maghala ya jeshi Gongo la Mboto. Aliyekuwa Dar wakati ule hahitaji kusimuliwa. Watu walitembea kwa miguu gizani, wengine na watoto mgongoni, wengine wamevaa kiatu kimoja, bila kujua wanakokwenda. Mbagala walikuwa wameshapitia hayohayo Aprili 2009. Maelfu walipewa hifadhi Uwanja wa Uhuru, na mimi, nikiwa bado mchanga kazini, nilikwenda kujitolea pamoja na wenzangu wachache.

Tulifanya kama tulivyofundishwa. Tuliwakalisha watu kwenye duara, kila mmoja aeleze alichoona, alichosikia na alichohisi, tangu mlipuko wa kwanza hadi pale alipo. Tuliamini kwamba jambo likisemwa mapema halitaoza ndani. Kwenye duara langu alikuwepo mama mmoja ambaye mtoto wake alikuwa hajaonekana. Hakutaka kusema. Nikamsihi. Nilimwambia, "Mama, ukisema utapata nafuu." Akaanza. Alipofika pale mkono wa mtoto ulipomponyoka kwenye msongamano, akanyamaza, akaanza kutetemeka mwili mzima, macho yake yakawa hayanioni tena. Wanawake wawili pembeni yake wakaangua kilio. Mimi nilikaa pale na karatasi yangu ya maswali mkononi.

Alichohitaji mama yule asubuhi ile kilikuwa simu yenye salio, maji, na mtu wa kufuatana naye kutafuta mtoto. Mtoto alipatikana jioni, kwa watu waliomwokota njiani wakamlaza. Lakini mama hakurudi kwenye duara letu, na aliponiona kesho yake aligeuza uso.

Miaka ilipita kabla sijajua kwamba mwaka 2002 mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikuwa yameshaonyesha kuwa kikao kimoja cha kumsimulisha mtu janga mara tu baada ya kulipitia hakimkingi na ugonjwa wa kiwewe, na kwamba kuna watu kinaoweza kuwadhuru. Mwaka uleule wa 2011 Shirika la Afya Duniani na washirika wake walitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambao msingi wake ni maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani yuko hatarini na nani hana maji. Sikiliza anayetaka kusema, na asiyetaka mwache. Muunganishe na ndugu zake, na huduma, na taarifa za kweli. Jibu lilikuwa limechapishwa miaka tisa kabla sijamkalisha mama yule kwenye duara. Lilikuwa halijafika kwangu.

Nani alilifikisha? Inchaji wangu, yaani muuguzi kiongozi wa wodi, mama ambaye sasa amestaafu. Alikuwa na utaratibu wake. Kila Jumatano, baada ya makabidhiano ya zamu, tulikaa kwenye benchi nyuma ya wodi na chai na mihogo ya kukaanga, wauguzi watano au sita, wakati mwingine na daktari akiwa na nafasi. Mama alikuwa na swali moja: "Mgonjwa gani amekushinda wiki hii?" Hakuna aliyeruhusiwa kusema hakuna. Siku moja, muda mrefu baada ya Gongo la Mboto, nikamsimulia yule mama wa Uwanja wa Uhuru. Hakunigombeza. Wiki iliyofuata alikuja na kurasa sita za fotokopi, mistari imepigwa penseli, akasema, "Soma hizi, Jumatano ijayo utatufundisha wewe." Ile Jumatano nilipofundisha ndipo nilipojifunza.

Jengo la Kariakoo lilipoporomoka tarehe 16 Novemba 2024, nilikwenda kukaa na ndugu waliokuwa wakisubiri habari za watu wao waliofukiwa. Sikumuuliza hata mmoja alichoona. Niliuliza: umekula? Uko na nani hapa? Simu yako ina chaji? Kuna kijana alikaa karibu yangu masaa matatu bila kusema neno, na nilipotaka kuondoka akasema, "Dada, kaa kidogo." Nikakaa.

Kurasa sita za fotokopi na benchi la nyuma ya wodi. Hakuna pointi hata moja niliyowahi kuandikiwa kwa ajili ya vitu hivyo viwili. Ile siku ya mwembe ina masaa manane na mhuri.

Hilo ndilo jambo langu, waheshimiwa. Naomba kikao cha kesi, yaani wataalamu kukaa pamoja mara kwa mara chini ya mwenzao aliyewatangulia na kujadili wagonjwa halisi waliowashinda, kihesabiwe kwenye kuhuisha leseni. Na kihesabiwe kwa uzito kuliko semina.

Sisemi hivi kwa mapenzi ya benchi letu tu. Mwaka 2004 huko Marekani, William Miller na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha wataalamu 140 wenye leseni wanaowahudumia watu wenye uraibu. Walikuwa wanafundishwa namna ya kuzungumza na mraibu ili ari ya kubadilika itoke moyoni mwake mwenyewe, bila kuhubiriwa. Baadhi walipata warsha peke yake. Wengine baada ya warsha walipewa mrejesho juu ya mazungumzo yao na wagonjwa, wengine walipata mtu wa kuwaelekeza, wengine vyote viwili. Waliopata mrejesho au mwelekezi waliiva kuliko waliopata warsha tu. Kisha likaonekana jambo ambalo lilinifanya niweke karatasi chini nikatembea kidogo: mtaalamu alivyojipima mwenyewe ujuzi wake hakukuwa na uhusiano wowote na ujuzi ulioonekana akisikilizwa akifanya kazi. Mtu alitoka ukumbini akiamini ameiva, na kumbe hapana. Sasa fikirini kuhusu ile fomu ya tathmini tunayojaza mwishoni mwa semina, "mafunzo yamekidhi matarajio yangu", tunaweka vema tukikimbilia daladala.

Mapitio mengine ya Cochrane, ya mwaka 2009, yalikusanya majaribio 81 ya mikutano na warsha za wahudumu wa afya. Yaliona kwamba zinasaidia, ila kwa kiasi kidogo, kama asilimia 6 hivi kwa wastani. Zenye mazoezi na majadiliano zilikuwa na manufaa zaidi. Na kwa mambo magumu kubadilika, semina peke yake haielekei kutosha. Je, kuna jambo gumu kubadilika kuliko namna mtu anavyokaa na mwenzake anayetaka kufa?

Sisi hapa Dar tuna deni la pekee kwenye hili la uraibu. Kliniki ya methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, ilianza Muhimbili Februari 2011, mwezi uleule wa mabomu, ikafuata Mwananyamala na Temeke. Watu ambao mtaani waliitwa mateja na kutemewa mate wanakuja kila siku kunywa dawa, wengi wamerudi kwenye familia na kazi. Dawa inafanya sehemu yake. Sehemu nyingine inafanywa na maneno ya dirishani na kwenye chumba cha ushauri, na maneno hayo hayafundishiki kwa kutazama slaidi 90.

Nimetazama wenzetu wanavyofanya. California, baraza linalosimamia washauri na wafanyakazi wa ustawi wa jamii wa tiba linataka masaa 36 ya mafunzo kila miaka miwili, na kati yake 6 yawe ya sheria na maadili. Afrika Kusini wanataka pointi 30 kwa mwaka, 5 kati yake za maadili, haki za binadamu na sheria ya afya. Uingereza, baraza linalosajili wanasaikolojia na taaluma nyingine nyingi za afya halihesabu masaa kabisa. Linamtaka kila mtaalamu aweke kumbukumbu endelevu ya alichojifunza, kwa njia mbalimbali, na aeleze kilivyoboresha kazi yake na kilivyomfaa anayehudumiwa. Kila mzunguko wa kuhuisha, asilimia 2.5 ya wanataaluma huchaguliwa kwa bahati nasibu watoe kumbukumbu zao zikaguliwe. Siwaombi mnakili nchi yoyote, kila nyumba na mlango wake. Nilichopenda Uingereza ni lile swali la anayehudumiwa. Fomu niliyoijaza mimi iliniuliza jina la mafunzo, tarehe, masaa na mwandaaji. Haikuniuliza mgonjwa wangu alipata nini.

Masaa ya sheria na maadili nayatamani hapa kwetu, ila yawe ya sheria zetu na yafundishwe kwa kesi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kujaribu kujiua ni kosa. Nimewahi kupokea kijana aliyenusurika, yuko kitandani, mama yake anamshika mguu, na askari amekaa mlangoni na karatasi za PF3. Yule kijana alikataa kusema lolote kwa sababu aliamini kila neno litakwenda mahakamani. Nilipaswa kumwambia nini kuhusu siri? Nilipaswa kumwambia nini yule askari, ambaye naye alikuwa na heshima tele na alionekana kutamani kuwa mahali pengine? Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 tuliisoma chuoni vifungu kwa vifungu, lakini hakuna aliyewahi kutukalisha na tukio kama lile tukabishana hadi tukapata njia. Tangu Mei 2023 tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, huku wengi wetu tukiendelea kupokea siri za wagonjwa kwa WhatsApp kwenye simu ambazo watoto wetu wanachezea gemu.

Nisogee kwenye lugha, maana hapa ndipo panaponikaba zaidi.

Semina zetu nyingi zina slaidi za Kiingereza. Kazi yetu ni ya Kiswahili kuanzia "karibu" hadi "tutaonana mwezi ujao". Hakuna mgonjwa aliyewahi kuingia chumbani kwangu akasema ana sonona. Wanasema: mawazo yamenizidi. Wanasema: kichwa kinawaka moto. Moyo unakwenda mbio kama nimeiba. Silali, na nikilala naota nakimbizwa. Kuna wanaosema tu, "Nesi, nimechoka," na kwenye neno hilo moja mna uchovu wa kufua, kuna njaa, kuna ndoa, na kuna kutamani kufa, na wewe lazima ujue ni uchovu upi kabla hujaandika chochote.

Jumatano moja tulitumia saa nzima kwenye swali moja tu: namna ya kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua. Mwenzetu alikuwa amemuuliza mzee mmoja wa Rufiji moja kwa moja, "Unataka kujiua?" Mzee akasimama. "Unanitabiria kifo, mwanangu?" Hakurudi kliniki. Tukijua fika kwamba kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, na kwamba kutouliza ndiko kunakoua, tukaanza kutafuta maneno. Mmoja akasema tuanzie kwenye usingizi. Mwingine akasema tumuulize kama amewahi kuona bora asingezaliwa, tukaona hilo linafanana na laana. Mwishowe tukafika hapa: "Kuna watu mawazo yakiwazidi hufika mahali wakatamani wasiwepo. Je, wewe umewahi kufika hapo?" Kisha unanyamaza. Unahesabu hadi kumi moyoni. Akikubali, ndipo unauliza wazi, bila kuzunguka, kama amefikiria atakavyofanya na kama ana kitu cha kutumia nyumbani.

Tangu siku ile nimeuliza hivyo mara nyingi sana. Wanaokubali kwa kichwa wakilia ni wengi. Kuna baba mmoja, dereva wa bajaji, aliyenijibu, "Mpaka leo hakuna mtu aliyeniuliza." Saa ile moja ya benchi imewafaa wagonjwa wangu kuliko makongamano yote niliyohudhuria, na naandika hivyo nikiwakumbuka kwa nyuso zao.

Elimu ya dawa nayo haiwezi kusubiri. Kliniki zetu za afya ya akili ndizo zinazowahudumia pia wenye kifafa, kwa hiyo dawa ya valproeti tunaitoa kwa makundi mawili. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba isitumike kwa wasichana na wanawake wanaoweza kupata ujauzito, kwa sababu ya madhara yake makubwa kwa mtoto aliye tumboni. Zahanati ngapi zimepata habari hiyo? Nilimkuta binti wa miaka 19 akiwa ametumia tangu akiwa na miaka 14. Anachukua dawa kila mwezi, kadi yake safi, hajawahi kukosa tarehe. Hakuna aliyemwambia. Aliyempa alikuwa mhudumu mwadilifu kabisa, mwenye leseni hai. Jambo kama hili lilitakiwa limfikie kila mtoa dawa ndani ya wiki, kwa ujumbe mfupi wa Kiswahili, kisha lijadiliwe kwenye kikao cha kesi cha karibu yake, na leseni yake ionyeshe kwamba amelijadili.

Gharama nitazigusa kwa ufupi kwa kuwa mnazijua. Semina inayotoa pointi nyingi huwa hotelini, katikati ya jiji, siku ya kazi. Muuguzi aliye peke yake kwenye zahanati ya Chanika au upande wa Kigamboni ya ndani akienda, dirisha linafungwa, na wagonjwa wa sindano ya mwezi wanarudi nyumbani bila sindano. Asipokwenda, pointi hazitoshi. Mimi mwenyewe niliwahi kulipa ada ya mafunzo iliyokaribia nusu ya kodi yangu ya mwezi, na nikaomba mwenzangu anishikie zamu mbili za usiku. Ya mtandaoni ni nafuu, ila bando linaisha katikati, na najua watu wanaoacha video ikizunguka huku wanapika. Siwalaumu. Wameombwa masaa, wanatoa masaa.

Kuna mawili mtakayoniuliza, na ni haki yenu.

La kwanza, kwamba daftari la vikao vya kesi ni rahisi kughushi. Kweli. Lakini lina vitu ambavyo cheti hakina: swali lililoletwa, bila jina la mgonjwa wala dalili ya kumtambulisha; ushauri uliotolewa; na, baada ya wiki nne, kilichotokea. Mtu anaweza kutunga ukurasa mmoja. Kutunga kurasa 40 zinazofuatana, zinazolingana na madaftari ya wenzake watano waliokaa benchi moja naye, ni kazi kubwa kuliko kwenda kwenye kikao chenyewe. Chagueni wachache kwa bahati nasibu kila mzunguko, waiteni, waulizeni juu ya ukurasa wowote. Mtajua ndani ya dakika kumi.

La pili, kwamba wasimamizi hawatoshi. Madaktari bingwa wa akili ni wachache na wengi wao wako kwenye hospitali kubwa. Hilo nalo ni kweli, na ndiyo maana nasema mtambue wauguzi wakongwe, wanasaikolojia tiba na maafisa ustawi wa jamii wenye uzoefu. Wengi wa hao wa mwisho wamepita kwenye Chuo cha Ustawi wa Jamii, pale Kijitonyama, wanajua kusikiliza. Wapeni mafunzo ya usimamizi, wapeni pointi wao pia kwa kila kikao wanachokiongoza. Bingwa aingie mara moja kwa mwezi, hata kwa simu. Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi wa mtaani pale Harare, wakiketi na watu kwenye mabenchi ya mbao nje ya kliniki, watu wenye kile ambacho kwa Kishona huitwa kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha kliniki 24 na watu 573, ulionyesha kwamba waliohudumiwa na bibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wale hawakuwa na shahada. Walifundishwa, wakasimamiwa, wakaendelea kusimamiwa. Kama bibi wa Harare anastahili mtu wa kukaa naye na kumsikiliza juu ya kazi yake, muuguzi wa Temeke anastahili pia.

Na kuna jambo ambalo halimo kwenye kitabu chochote cha pointi. Tunabeba mengi. Nilipompoteza mgonjwa kwa mara ya kwanza, kijana niliyemwona Jumatatu na Ijumaa nikaambiwa hayupo, nilirudi nyumbani nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Jumatano iliyofuata sikuwa na la kusema. Inchaji alinisogezea kikombe cha chai, akawaambia wengine, "Leo tunakaa tu." Tukakaa. Nusu saa. Kama si benchi lile ningekuwa nimeacha kazi hii mwaka ule, na wapo wenzangu wazuri walioiacha kwa kukosa benchi.

Benchi letu lilikufa mama alipostaafu. Wodi ilikuwa na watu wachache, kila mmoja akawa anakimbiza pointi zake kivyake. Mimi na wenzangu wanne tumelianzisha upya tangu mwaka jana, Alhamisi mchana, kwenye chumba cha stoo tulichokisafisha wenyewe. Tumekaa vikao 31. Daftari tunalo, limeandikwa kwa kalamu, na lile swali la mama liko ukurasa wa kwanza.

Ninapoomba, naomba kitu kidogo kwa kuanzia. Kwenye fomu ya kuhuisha leseni ongezeni nafasi moja: vikao vya kesi, idadi, jina na namba ya leseni ya msimamizi. Katika mzunguko wa kwanza vihesabiwe walau robo ya pointi zinazotakiwa, kisha mtazame madaftari, muongeze mkiridhika. Jaribuni Dar es Salaam kwanza, kwenye hospitali za wilaya na zahanati zinazozizunguka, kwa kuwa umbali ni mfupi na watu wapo. Na miongozo mipya itafsirieni kwa Kiswahili kabla haijatufikia, mkitushirikisha sisi tunaoyasikia maneno ya wagonjwa kila siku.

Leseni yangu inaisha mwezi ujao. Vyeti vyangu nitavipakia kama inavyotakiwa, kasoro kile cha siku ya mwembe. Hicho nimekitoa kwenye faili. Pointi zitakazopungua nitazitafuta, na kama sitazipata kwa wakati nitalipa faini ya kuchelewa. Daftari la vikao 31 liko kwenye kabati ya stoo, rafu ya juu, na Alhamisi tunaanza saa nane na nusu mchana.

Wenu katika kazi,

Muuguzi wa afya ya akili,
Temeke, Dar es Salaam